Urefu wa mtutu wa bastola: jibu kwa wasomaji wawili

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili niwajibu wasomaji wawili, mmoja wa Katuba na mwingine wa Kampemba, walioandika katika matoleo yaliyopita kuhusu bastola za askari polisi wanaosindikiza fedha na kusimama kwenye milango ya mabenki hapa Lubumbashi. Yule wa Katuba alipendekeza kwamba askari hao wapewe bastola ndogo za mtutu mfupi, kwa kuwa ni nyepesi na huchomolewa haraka kiunoni. Yule wa Kampemba alimjibu kwamba mtutu mfupi hauna nguvu wala shabaha, na kwamba serikali ingefanya vyema kununua bastola zenye mtutu mrefu kuliko yote inayopatikana. Kabla ya kustaafu nilifanya kazi ya kukagua na kutengeneza silaha za polisi, na kwa maoni yangu wote wawili wamegusa jambo la kweli lakini wamelipima kwa mizani isiyo yake. Mtutu wa bastola hufupishwa kwa sababu moja tu ya maana, nayo ni kuificha silaha ndani ya nguo. Askari aliyevaa sare hana cha kuficha, na kwa hiyo hana sababu ya kulipa gharama zinazokuja na ufupi huo.

Nianze na nguvu, kwa kuwa ndiyo inayozungumzwa zaidi vijiweni. Risasi ya milimita 9 kwa 19, iliyobuniwa na Georg Luger huko Ujerumani mwanzoni mwa karne iliyopita na ambayo leo ndiyo ya kawaida kwa polisi wa nchi nyingi, husukumwa na gesi ya baruti inayoungua nyuma yake. Shinikizo la gesi hiyo hufika kileleni mapema sana, risasi ikiwa ndiyo kwanza inaliacha ganda lake, kisha hushuka kadiri risasi inavyosonga mbele na nafasi ya nyuma inavyopanuka. Kwa hiyo sehemu ya mwanzo ya mtutu ndiyo inayofanya kazi kubwa, na kila kipande kinachoongezwa mbele huleta faida ndogo kuliko kile kilichokitangulia. Tukumbuke pia kwamba katika bastola ya aina hii urefu wa mtutu hupimwa pamoja na chemba inamokaa risasi, tofauti na rivolva, ile bastola ya silinda inayozunguka yenye matundu ya risasi, ambayo silinda yake haihesabiwi. Mtutu ulioandikwa milimita 87 hauipi risasi njia ya milimita 87.

Nitatoa mfano wa bastola za Glock za Austria, kwa sababu kampuni hiyo hutengeneza bastola ya muundo mmoja kwa urefu mbalimbali, na vipimo vyake vinajulikana na kila anayeshughulika na silaha. Mtutu wa Glock 26 una milimita 87, wa Glock 19 una milimita 102, wa Glock 17 una milimita 114, na wa Glock 34, ambayo ni ya mashindano ya shabaha, una milimita 135. Risasi yenye uzito wa gramu 8 ambayo Glock 17 inaitoa kwa kasi ya mita 350 hivi kwa sekunde, ikitoka kwenye Glock 26 itakuwa imepungukiwa na mita 15 hadi 20, kutegemea baruti iliyojazwa na kiwanda. Ukikokotoa nishati utapata takriban juli 490 kwa bastola kubwa na juli 440 kwa ile ndogo. Upungufu wa sehemu moja ya kumi upo na siukatai, lakini haumpi mtu ruhusa ya kusema kwamba silaha moja ina nguvu na nyingine haina. Kwa umbali ambao askari wa mlangoni anaweza kulazimika kufyatua, yaani upana wa barabara au chini yake, atakayepigwa hatapata nafasi ya kutofautisha. Anayefikiri kwamba kutoka Glock 17 kwenda Glock 34 atapata silaha mpya kabisa naye atavunjika moyo, kwani milimita 21 za ziada humwongezea mita chache tu kwa sekunde.

Msomaji wa Kampemba alidai pia kwamba mtutu mfupi hauipi risasi muda wa kuzunguka, na kwamba ndiyo sababu bastola ndogo haipigi panapolengwa. Dai hili ni la zamani na linastahili kuzikwa. Mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu wa bastola nyingi za milimita 9 hukamilisha mzunguko mmoja kwa kila milimita 250, na hivyo hata katika mtutu wa milimita 114 risasi hutoka bila kumaliza nusu ya mzunguko. Kinachoituliza hewani ni kasi ya kuzunguka kwake wakati inatoka, wala si idadi ya mizunguko iliyofanywa ndani ya chuma. Bastola fupi iliyotengenezwa vizuri, ikifungwa kwenye kifaa kisichotikisika, inaweza kukusanya risasi zake mahali pamoja sawa na ndugu yake mrefu.

Mbona basi askari wengi hukosa shabaha wanapokabidhiwa bastola fupi? Jibu liko juu ya bastola, kwenye vilengeo viwili. Umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele ni milimita 165 katika Glock 17 na milimita 137 katika Glock 26. Jicho likikosea nusu milimita tu katika kuvilinganisha, risasi itakwenda kando kwa sentimita 7 na nusu hivi katika umbali wa mita 25 ukiwa na bastola kubwa, na kwa sentimita 9 ukiwa na ndogo. Kosa ni la jicho na la mkono, na ufupi unalikuza kidogo. Kwa mpigaji stadi tofauti hiyo haina uzito, na katika umbali wa mita saba ni milimita chache tu. Kwa askari ambaye hupelekwa kwenye uwanja wa shabaha mara chache, na huko hupewa risasi za kuhesabu, kila kinachokuza kosa ni adui. Wanaoamua kununua silaha kwa kuziangalia juu ya meza wangefaa kulifikiria hili kwanza, kabla ya uzito na kabla ya bei.

Hata hivyo, si vilengeo vinavyonifanya niwe mkali kuhusu bastola fupi. Jambo linalonitia wasiwasi limo ndani ya mtambo, na wasomaji wote wawili hawakuligusa. Bastola nyingi za milimita 9 zinafuata muundo wa Browning: risasi inapotoka, mtutu na slaidi, yaani kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, husafiri pamoja vikiwa vimefungana kwa milimita chache, kisha sehemu ya nyuma ya mtutu inashuka, vinaachana, na slaidi inaendelea peke yake kulitoa ganda na kuipokea risasi mpya kutoka kwenye magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini. Ukiufupisha mtutu unaifupisha slaidi pia, na slaidi fupi ni nyepesi, kwa hiyo hurudi nyuma kwa kasi kubwa zaidi. Wakati huohuo nafasi yake ya kusafiri imepungua, na mtutu wenyewe unalazimika kuinama kwa pembe kali zaidi ili uachane nayo. Dereva aliyenyimwa nusu ya umbali wa kusimamisha gari hukanyaga breki kwa nguvu zaidi, na springi ya bastola fupi imo katika hali hiyohiyo. Ndiyo sababu watengenezaji huweka springi kali, na mara nyingi mbili, moja ndani ya nyingine, kama ilivyo katika Glock 26.

Matokeo yake huonekana katika matumizi ya kila siku. Springi inayofanya kazi ngumu kwa nafasi ndogo huchoka mapema, na inapaswa kubadilishwa baada ya risasi chache kuliko ile ya bastola kubwa. Slaidi yenye springi kali ni ngumu kuvuta kwa mkono, jambo ambalo askari mwenye viganja vidogo, mwanamke au mwanamume, hulihisi mara moja. Muda ambao magazini inao wa kuipandisha risasi ifuatayo kabla slaidi haijarudi ni mfupi zaidi, kwa hiyo springi ya magazini iliyolegea, ambayo katika bastola kubwa ingevumiliwa kwa miezi, katika bastola ndogo inaleta risasi iliyokwama. Zaidi ya hayo, mpigaji asiyeishika bastola sawasawa na kukaza kifundo cha mkono anaipokonya slaidi sehemu ya nguvu inayohitaji ili irudi nyuma hadi mwisho. Bastola ya ukubwa wa kawaida husamehe ulegevu huo mara nyingi kuliko fupi. Risasi za kiwango cha chini, zilizokaa ghalani kwa muda mrefu na baruti yao imedhoofika, huleta tatizo lilelile.

Sasa ongeza hali ya hapa kwetu. Kuanzia Mei hadi Septemba vumbi jekundu la Katanga huingia kila mahali, hasa kwa askari anayeshinda kando ya barabara ya Kasumbalesa au nyuma ya gari la wazi. Likikutana na mafuta mengi ya silaha hugeuka kuwa tope linaloipunguzia slaidi mwendo. Mvua zinapoanza, tatizo huwa kutu. Silaha yenye nafasi kubwa ya kufanya kazi huvumilia uchafu kiasi fulani. Silaha ambayo kila kitu ndani yake kimebanwa ili iingie mfukoni haina akiba hiyo ya uvumilivu, na inahitaji fundi, vipuri na ratiba ya ukaguzi inayofuatwa. Simsemi mtu yeyote, lakini kila aliyefanya kazi ghalani anajua jinsi ratiba hizo zinavyofuatwa.

Nirejee kidogo nyuma katika historia, kwa sababu kiwanda cha FN cha Herstal, karibu na Liège huko Ubelgiji, kilikwisha kulijibu swali hili karibu miaka mia moja iliyopita. Mwaka 1910 kilikuwa na bastola ndogo ya mfukoni iliyobuniwa na Mmarekani John Moses Browning, yenye mtutu wa milimita 88 hivi, laini pande zote, isiyo na nyundo inayochomoza na kunasa nguo. Ni bastola ya aina hiyo ambayo Gavrilo Princip aliitumia kumwua Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria, huko Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, mauaji yaliyochochea Vita Kuu ya Kwanza, na mwuaji anayesimama katikati ya umati ndiye hasa mtu anayehitaji silaha isiyoonekana. Baada ya vita hivyo, Ufalme wa Waserbia, Wakroatia na Waslovenia, ulioitwa baadaye Yugoslavia, ulipohitaji bastola kwa ajili ya jeshi lake, haukuichukua kama ilivyokuwa. Kiwanda kiliurefusha mtutu hadi kufikia milimita 114 hivi, kikaongeza kipande mbele ya slaidi ili isilazimu kuichonga upya, na kikarefusha mpini ili magazini ibebe risasi mbili zaidi. Hiyo ndiyo bastola inayojulikana kama ya mwaka 1922, yenye risasi zilezile na mtambo uleule wa ndani. Walioiagiza walijua kwamba ofisa wao angeivaa nje, ndani ya ala, mbele ya macho ya watu wote.

Bastola kubwa iliyofuata ya kiwanda hicho, ile GP (Grande Puissance, yaani "Nguvu Kubwa") ya mwaka 1935 ambayo Browning aliianza na Dieudonné Saive akaikamilisha baada ya Browning kufariki mwaka 1926, ilipewa mtutu wa milimita 118 na magazini ya risasi 13. Wazee wa rika langu wanaikumbuka vizuri. Ilikuwa nzito, karibu gramu 900, na walioibeba walilalamikia uzito huo mwisho wa zamu. Walipofika uwanjani malalamiko yalikwisha, maana uzito huohuo ndio unaotuliza mkono pale bastola inaporuka baada ya kufyatuliwa.

Kuhusu uharaka wa kuchomoa, ambao msomaji wa Katuba aliutegemea sana, naona amechanganya mtutu na mpini. Tofauti ya milimita 27 kati ya mtutu mmoja na mwingine haimcheleweshi mtu aliyefundishwa. Kinachochelewesha ni mpini mfupi ambao kidole cha mwisho, na wakati mwingine viwili vya mwisho, havina pa kukaa, kwa sababu mkono unalazimika kutafuta mahali pa kushika kabla ya kuvuta. Bastola nyingi za mtutu mfupi huja pia na mpini mfupi, watu wakalaumu au kusifu mtutu kwa jambo lisilo lake. Vitu hivi viwili vinaweza kutenganishwa: mwaka 2018 Glock ilitoa bastola iitwayo 19X, yenye mtutu wa milimita 102 juu ya mpini kamili wa risasi 17. Kama wanunuzi wetu wanataka kupunguza urefu kidogo kwa ajili ya askari anayekaa garini siku nzima, njia hiyo ina akili kuliko kumkabidhi bastola ya mfukoni.

Kuna pia hatari ambayo haionekani kwenye karatasi. Mdomo wa bastola fupi uko karibu sana na mkono wa pili unaosaidia kushika, na mtu mwenye vidole virefu aliyeshtuka anaweza kutanguliza kidole mbele ya mdomo huo. Mwali wa moto ni mkubwa zaidi kwa kuwa sehemu ya baruti huungulia nje, na kishindo ni kikali zaidi, hasa ndani ya chumba. Askari mgeni huanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na tabia hiyo ikishaingia ni kazi kuitoa.

Haya yote hayamaanishi kwamba mrefu zaidi ndiyo bora zaidi, kama anavyotaka msomaji wa Kampemba. Wajerumani waliwahi kuiwekea bastola ya Luger mtutu wa milimita 200 kwa ajili ya askari wa mizinga, lakini waliipa pia kitako cha mbao cha kuegemeza begani, kwa sababu walielewa kwamba kwa urefu huo imekwisha kuanza kuwa bunduki. Mtutu wa milimita 135 kiunoni husukumwa na kiti kila askari anapokaa, bastola ikapanda juu hadi mbavuni, na anaposhuka garini huanza kwa kuirudisha mahali pake. Kwa kazi ya polisi anayevaa silaha hadharani, urefu kati ya milimita 102 na 120 hivi ndio uliokubaliwa na majeshi na polisi wengi, na sioni kitu chochote katika mazingira ya Lubumbashi kinachotulazimisha kutoka nje ya mipaka hiyo.

Bastola fupi ina mwenyewe, na mwenyewe huyo ni mpelelezi aliyevaa kiraia, au mlinzi wa mheshimiwa anayevaa koti. Mtu wa namna hiyo akipewa muda wa mazoezi na fundi wa kumtazamia silaha yake, apewe, na asisikilize wanaomwambia kwamba haina nguvu. Raia aliyepata kibali kwa mujibu wa Ordonansi-Sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 na ambaye silaha yake hulala kabatini nyumbani hana haja ya kuifupisha hata kidogo. Ama walinzi wa kampuni binafsi, tusiwaingize katika mjadala huu, kwa sababu katika nchi yetu hawabebi silaha za moto, na ndiyo maana polisi huwekwa pembeni mwao.

Kabla sijamaliza, msomaji wa Kampemba aliuliza kama bastola fupi haiwezi kuwekewa mtutu mrefu ukachomoza mbele ya slaidi. Kwa baadhi ya aina mitutu ya namna hiyo hutengenezwa viwandani na hufanya kazi. Atapata zile mita chache za kasi ambazo nimeonyesha kwamba hazina uzito, ilhali vilengeo vitabaki palepale vilipokuwa, springi itabaki na kazi yake ngumu, na ala haitaifaa tena. Kinyume chake, yaani kuukata mtutu kwenye karakana ya vyuma, ni jambo ambalo silikubali kwa hali yoyote: ukingo wa mdomo ndio wa mwisho kuigusa risasi, ukiharibika upande mmoja risasi hupotea njia, na katika bastola za muundo wa Browning ncha ya mtutu huo ndiyo inayokaa ndani ya tundu la slaidi na kuushikilia mtambo mahali pake. Silaha mbili za namna hiyo zilipita mikononi mwangu ghalani, na zote niliandika kwamba zivunjwe.

Wako katika kulitumikia taifa,

Fundi wa silaha mstaafu,
Komini ya Kamalondo, Lubumbashi